Soko la kilimo hai duniani lilifika euro bilioni 136 mwaka 2023, je cheti ni cha nani? Mkaguzi wa ndani nafunguka

MkaguziWaNdani (mwenye uzi)

Wakuu habari za jumapili. Jana dogo mmoja kanitumia picha ya ripoti kwenye simu halafu kaandika "bro hela ipo kwenye oganiki, tuache kazi tukalime". Oganiki ndio hicho kilimo hai, kulima bila mbolea wala dawa za viwandani. Nikacheka peke yangu juu ya bodaboda mpaka dereva akageuka. Mimi ndio hiyo kazi yangu, mkaguzi wa ndani wa kikundi cha wakulima wa kakao huku Kyela, natembea na fomu na kalamu shamba kwa shamba, nahesabu miti, nanusa maghala ya watu. Nimeona nifungue uzi maana naona wengi mnaangalia ile namba kubwa, ila hamuulizi inapita mikononi mwa nani mpaka ifike.

Namba zenyewe ni za kweli, sizibezi. Kuna taasisi ya utafiti ya Uswisi inaitwa FiBL, kila mwaka wanatoa kitabu cha takwimu wakishirikiana na IFOAM, lile shirikisho la dunia la kilimo hai lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1972. Mwaka 2000 soko la dunia lilikuwa kama euro bilioni 15. Mwaka 2023 likafika bilioni 136. Mwaka huo Marekani peke yake ilikuwa bilioni 59, Ujerumani 16, China 12 na ushee. Mswisi mmoja kwa mwaka huo alitumia zaidi ya euro 460 kununua vyakula vya kilimo hai, mtu mmoja huyo, gawanya mwenyewe uone ni kiasi gani kwa mwezi. Na ardhi yenyewe iliyosajiliwa ilikuwa hekta karibu milioni 99, inasikika kubwa ila ni kama asilimia 2 tu ya ardhi yote ya kilimo duniani, na zaidi ya nusu yake iko Australia ambako ni nyika za malisho, ng'ombe wanatembea tu.

Sasa upande wa watu. Kwa takwimu hizohizo za 2023, wakulima waliosajiliwa dunia nzima ni milioni 4 na kitu, na wengi wao hawako Ulaya wala Marekani. India inaongoza, zaidi ya milioni 2. Uganda hapo jirani wako zaidi ya laki 4. Yaani wanaolima wako huku na wanaokula wako kule, na katikati yao kuna karatasi, yaani cheti cha kilimo hai. Uzi wangu unahusu hiyo karatasi.

Naendelea, msichangie kwanza.

BabaPilipili

Tushakaa mkuu, leta mambo.

mama_chapati

Nimekaa na chai kabisa 😂

MkaguziWaNdani

Haya. Kosa la kwanza ninalokutana nalo kila wiki ni mtu kuniambia "mimi shamba langu ni hai, sijawahi kuweka dawa wala mbolea ya chumvichumvi tangu babu". Sawa mzee wangu, nakuamini. Ila mnunuzi wa Hamburg kule Ujerumani hakujui. Yeye hanunui kutokuweka dawa kwako, ananunua ushahidi kwamba hukuweka, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ushahidi maana yake ramani ya shamba lako, jirani yako analima nini na anapuliza nini, historia ya shamba miaka 3 nyuma, ulivuna kilo ngapi na uliuza kilo ngapi. Ukivuna kilo 200 ukauza kilo 350 hapo ndio napata kazi, maana kilo 150 zimetoka kwa shemeji yako ambaye hayuko kwenye orodha.

Mimi kazi yangu ni kumtembelea kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Halafu anakuja mkaguzi wa nje kutoka shirika la uthibitishaji, yeye hapiti kwa wote, anachagua baadhi na kuwarudia ili aone kama mimi nilidanganya. Kwa sheria mpya ya Ulaya ni angalau asilimia 5 ya wanachama wanarudiwa, na asilimia 2 wanachukuliwa sampuli kwenda maabara.

Sasa stori ya chupa. Mwaka juzi mkaguzi wa nje alikuja, dada mmoja mpole sana, kachagua jina la mzee mmoja ambaye mimi nilikuwa najivunia shamba lake kuliko yote. Kakao ndani ya migomba, kivuli kizuri, matunda yaliyooza anayatoa kila wiki anayafukia, mbegu anazivundika kwenye majani ya mgomba na kuanika kwenye kichanja kisafi. Dada kazunguka shamba zima anatikisa kichwa kwa kuridhika. Tunarudi nyumbani kunawa mikono, macho yake yakaenda kwenye mwamba wa banda la kuni. Kuna kichupa cha plastiki kimening'inia kwa kamba, lebo imefutika nusu, lakini ile alama ya fuvu la kichwa bado inaonekana.

"Baba, hii ni nini?"

"Mafuta ya taa hayo mwanangu. Chupa ilikuwa ya dawa ya kupe, ya ng'ombe wa marehemu kaka yangu."

Kafungua, kanusa, kweli ni mafuta ya taa. Kapiga picha. Kaandika. Mimi nimesimama pale natamani ardhi ipasuke, kwa sababu fomu yangu ya miezi 4 nyuma ilisema "hakuna chombo cha kiuatilifu nyumbani", na saini ni yangu. Mzee kasimamishwa mwaka ule, kakao yake ileile iliyovundikwa vilevile ikauzwa kama ya kawaida. Na kikundi kizima tukaandikiwa barua ya kurekebisha mfumo wa udhibiti wa ndani.

Hapo ndipo ujue soko la bilioni 136 linavyofanya kazi.

Mzalendo_Lindi

Hii stori imenigusa kwa sababu kwetu ni viroba. Ufuta wa watu safi kabisa, unawekwa kwenye kiroba kilichokuwa cha mbolea au kilichokaa chumba kimoja na dawa ya kupulizia mikorosho, basi kwisha habari. Halafu ule mfumo wa stakabadhi ghalani, ufuta wangu na wa wenzangu 300 unamwagwa kwenye ghala moja, mnada mmoja bei moja. Nani atajua upi ni hai? Nilishawahi kuuliza kwenye mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, nikaambiwa nisichanganye watu.

MkaguziWaNdani

Mzalendo umegusa penyewe. Stakabadhi ghalani ina faida yake, walanguzi wa kangomba, wale wanaonunua mazao kinyemela kwa bei ya kutupa, waliwanyonya sana watu, lakini kilimo hai kinataka mzigo utengwe kuanzia shambani mpaka melini. Bila ghala la pembeni au angalau rundo lenye kibao chake na daftari lake hakuna kitu. Na usisahau ufuta ndio uliowatia Wazungu kiwewe mwaka 2020, Ubelgiji walikuta kemikali ya ethilini oksaidi, iliyokatazwa kule kwenye chakula, kwenye ufuta kutoka India, na mwingine ulikuwa umeandikwa kabisa ni wa kilimo hai. Bidhaa zikaondolewa madukani Ulaya nzima, mikate, biskuti kavu, mpaka hummus, ile rojo ya dengu na ufuta. Tangu hapo ufuta unapimwa kama mgonjwa.

DaktariWaUdongo

Naomba nipinge kidogo. Mnasifia kitu ambacho kikifuatwa nchi nzima tunakufa njaa. Sri Lanka 2021 rais wao Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku mbolea za viwandani na viuatilifu, ndani ya miezi 7 hivi kaiondoa mwenyewe, mpunga umeshuka, chai imeshuka, wananchi barabarani. Mavuno ya kilimo hai kwa wastani yako chini kwa asilimia 20 hivi mpaka 25, hizo ni tafiti zilizokusanya tafiti nyingine, sio maneno yangu. Sisi wa mahindi mtuachie urea yetu.

MkaguziWaNdani

Daktari hakuna aliyesifia hapa, soma tena. Na kwenye Sri Lanka nakubaliana na wewe, ila kile hakikuwa kilimo hai cha soko, kile kilikuwa amri ya serikali kwa nchi iliyokuwa inaishiwa dola, mkulima kaamka asubuhi anaambiwa leo hakuna mbolea. Kwa utaratibu wa kawaida shamba linapita kipindi cha mpito, Ulaya ni miaka 2 kwa mazao ya msimu na 3 kwa mazao ya kudumu kama kakao, Marekani miaka 3. Udongo unajengwa polepole kwa samadi na mboji. Na ule mpito ndio unaoumiza, kwa sababu unalima kwa masharti ya hai na unauza kwa bei ya kawaida.

Kwa mahindi ya kulisha nchi mimi mwenyewe sikushauri. Kakao, kahawa, viungo, pamba, hayo yana mnunuzi anayeongeza bei. Pamba hai wanalima Meatu kule Simiyu tangu miaka ya 90, haikuanza jana.

Otieno_wa_Rongai

Wakuu wa Bongo salamu kutoka Nairobi. Huku soko la ndani liko, watu wa mjini wameogopa sukuma wiki inayomwagiliwa maji taka, mtu yuko tayari kulipa mara mbili akijua imetoka wapi. Kuna masoko ya wikendi ya mboga za kilimo hai, foleni yote ni ya magari makubwa. Shida ni mama mboga wa mtaa naye ameandika "organik" kwa kadibodi na hajui maana yake 😂

mama_chapati

Otieno usimseme mama mboga, supamaketi za huku Dar nazo zinaandika "asili" kwenye kila kitu, asali asili, unga asili, hadi chumvi asili. Chumvi ya baharini kwani ingekuwa ya kutengeneza?

MkaguziWaNdani

😂😂 Mama chapati umenimaliza. Ila kwa soko la ndani ipo alama yetu, Kilimohai. Mwaka 2007 Afrika Mashariki tulipata kiwango kimoja cha pamoja cha kilimo hai na alama moja, na huku Tanzania anayesimamia mambo haya ni chama cha kitaifa cha kilimo hai, TOAM, Kenya ni KOAN, Uganda ni NOGAMU. Uzuri wake ni kwamba kwa soko la ndani sio lazima ulete mkaguzi wa gharama kutoka nje, kuna utaratibu wa shirikishi, wakulima wenyewe kwa wenyewe na walaji mnakaguana. Jirani ndiye anayejua uliamka saa ngapi kupuliza. Kwa mtu wa mboga ningemwambia aanzie hapo kabla ya kuota Ulaya.

Dada_wa_Köln

Niko Ujerumani mwaka wa 11, niongezee upande wa mlaji. Watu wanadhani wanaonunua Bio, ndivyo huku wanavyoita vyakula vya kilimo hai, ni matajiri, sio tena. Zamani ilikuwa maduka madogo ya pembeni yenye harufu ya mimea, wateja wazee wenye vikapu. Kilichowasukuma ni woga, ugonjwa wa ng'ombe wazimu ulipofika hapa mwaka 2000 watu waliacha kununua nyama, mwaka uliofuata serikali ikatoa alama ya taifa ya Bio yenye pembe sita. Leo Aldi na Lidl, yale maduka ya bei rahisi, ndio wanauza Bio kwa wingi, ndizi za Bio ziko pale pale karibu na kaunta. Na mwaka 2022 bei za vitu zilipopanda baada ya vita ya Ukraine mauzo ya Bio yalishuka hapa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, watu hawakuacha Bio, walihama kutoka duka la bei kwenda duka la rahisi. Sasa jiulizeni, duka la rahisi likitaka bei ya chini linambana nani? Mimi nikiona chokoleti ya Bio ya euro 1 na senti kadhaa huwa nawakumbuka nyie.

BabaPilipili

Mbona hujasema bei mkuu mwenye uzi? Bei ndio tunataka. Nyongeza ni shilingi ngapi?

MkaguziWaNdani

Dada wa Köln ahsante sana, hilo la duka la rahisi limenikaa.

BabaPilipili nyongeza inategemea mkataba, lakini nikupe mfano unaojulikana. Fairtrade, lile shirika la biashara ya haki, waliweka nyongeza ya kilimo hai kwenye kakao kuwa dola 300 kwa tani. Kakao ilipokuwa inacheza kwenye dola 2,400 hiyo ni kama asilimia 12, mkulima anaiona. Mwaka 2024 bei ya dunia ikaruka juu ya dola 10,000 kwa tani kwa sababu ya mavuno mabaya Ghana na Ivory Coast, hapo dola 300 juu ya 10,000 ikawa asilimia 3. Nilikuwa napita shambani watu wananiambia kwa uso mkavu, "mkaguzi, fomu zako za asilimia 3 nenda nazo". Na wana haki. Mtu wa pikipiki anakuja na pesa taslimu getini, hakuulizi ramani.

Ndio maana nasema hili soko linakua kwa jumla lakini kwa mkulima linakuja na kuondoka.

Karafuu77

Mimi wa Pemba. Sisi tulikuwa kikundi cha manjano na pilipili manga, akaja muuzaji wa nje mmoja, sitamtaja, akatufundisha, akatulipia uthibitisho, miaka 3 tukakaa bila kugusa hata dawa ya mchwa. Mwaka wa 4 ndio mwaka wa kula. Kanunua mara mbili, ya tatu hakuja. Simu haipatikani. Tukasema basi cheti si tunacho, tutafute mnunuzi mwengine. Tunaomba nakala tunaambiwa cheti kimeandikwa jina la kampuni, sio letu. Yaani shamba langu, mgongo wangu, miaka yangu, lakini usafi wa shamba langu ni mali ya mtu mwengine. Mpaka leo manjano nauza sokoni Chake kwa pishi.

Mzalendo_Lindi

Duh.

mama_chapati

Hii inauma jamani.

MkaguziWaNdani

Karafuu77 pole sana ndugu yangu. Ndio maana nikauliza kwenye kichwa cha uzi cheti ni cha nani. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huo, anayelipia ukaguzi ndiye mwenye cheti, na gharama ni maelfu ya dola kila mwaka kwa kikundi, mkulima wa eka moja ataitoa wapi. Kwa hiyo msafirishaji analipa, na kwa kulipa anakununua wewe mzima mzima. Hauwezi kuuza kwa mwingine kama hai. Si kwamba wote ni wabaya, wengine wamekaa na wakulima miaka 20, lakini kamba wameshika wao.

Sasa sheria ya Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022 na sisi wa nchi za nje tukapewa muda wa kuhamia, imebadilisha hapo. Kikundi lazima kiwe chenyewe, kisajiliwe kisheria kwa jina lake, kiwe na mfumo wake wa udhibiti na mauzo ya pamoja. Wanachama wasizidi 2,000. Na mwanachama awe mdogo kweli, hekta zisizozidi 5, au mauzo yake ya hai yasizidi euro 25,000 kwa mwaka na gharama ya kukaguliwa peke yake iwe zaidi ya asilimia 2 ya mauzo hayo. Vikundi vilivyokuwa na watu 6,000 au 7,000 chini ya msafirishaji mmoja ikabidi vikatwe vipande vipande.

Kwenye karatasi hii ni dawa ya kidonda cha Karafuu77. Cheti kinakuwa cha wakulima. Ila upande wa pili ni kwamba zamani kosa lilikuwa la kampuni, sasa ni lenu, na bili ya ukaguzi inakuja kwa jina lenu. Kikundi kimoja ninachokijua kilisajiliwa kwa shangwe, ng'ombe akachinjwa, baadaye wakagundua hawana hata mtu mmoja wa kujaza rejesta kwenye kompyuta, wakamrudia msafirishaji yuleyule awafanyie. Kwa malipo. Sasa cheti ni chao na kalamu ni yake.

DaktariWaUdongo

Kwa nini wakaze hivyo lakini? Si wanawafukuza wadogo?

MkaguziWaNdani

Wizi Daktari. Tofauti ya bei ikiwa kubwa, watu wanabadilisha karatasi badala ya kubadilisha shamba. Mwaka 2017 ilifichuliwa soya ya meli nzima, tani kama elfu 16, ilitoka Ukraine ya kawaida, ikapita Uturuki, ikafika California ni ya kilimo hai. Haikulimwa upya baharini! Marekani nao wakakaza, kanuni yao mpya ilianza kufanya kazi Machi 2024, karibu kila aliyegusa mzigo katikati anatakiwa kuwa na cheti. Wakubwa waliiba kwa meli, fomu ndefu tunajaza sisi wa robo eka.

Otieno_wa_Rongai

"Haikulimwa upya baharini" 😂😂 naiba hiyo.

BabaPilipili

Kwa hiyo mkuu jibu ni nini, tulime au tusilime? Mimi nina eka 4 Muheza, pilipili manga na mdalasini, nimeshaanza kuuliza bei ya cheti.

MkaguziWaNdani

Usianze na cheti BabaPilipili. Anza na mnunuzi, muulize anataka alama ya nani, ya Ulaya, ya Marekani au Kilimohai, maana kila moja ina fomu zake. Peke yako kwa eka 4 hutaweza kulipa, tafuta kikundi kilichopo Muheza, viungo vya kilimo hai huko sio kitu kipya. Kabla hujasaini omba usomewe ukurasa mmoja tu, ule unaosema cheti kitaandikwa jina la nani na ukiondoka unaondoka na nini. Wakikuambia "hayo ya kitaalamu" simama, chukua kofia yako. Na kuanzia leo andika tarehe ya kila unachoweka shambani, hata samadi, hata kama ni daftari la mtoto la hesabu. Miaka 3 yako inaanza kuhesabiwa kwenye hilo daftari.

Dada_wa_Köln

Swali la mwisho kwangu. Yule mzee wa mafuta ya taa alirudi kwenye kikundi?

MkaguziWaNdani

Alirudi msimu uliofuata. Nilienda mwenyewe kumkagua, sikutaka kumtuma kijana. Kanipokea vizuri, kanipa ndizi za kuchemsha, hakusema neno kuhusu yaliyopita. Nimemaliza shamba nikapita banda la kuni, mafuta ya taa yapo kwenye chupa ya soda, imeandikwa kwa mkaa MAFUTA YA TAA pande zote mbili, na chini yake kaweka tarehe.

Nikamuuliza tarehe ya nini mzee. Akasema, "Si nyie mnapenda tarehe."

mama_chapati

😂😂😂 mpe salamu.